Nani Mkubwa Wodini?

Wasomaji wetu wengi mnatufahamu sisi wauguzi kwa sare na kwa sindano. Mnapoleta watoto kliniki mnatukuta tumesimama pamoja, nanyi mnadhani sisi ni kitu kimoja. Lakini mgonjwa mwenye macho makali hugundua kwamba Sista huyu hasemi na Sista yule, na kwamba kitabu cha kukabidhiana zamu kimewekwa mezani bila neno. Ukichimba chanzo, mara nyingi utakuta ni daraja, yaani cheo na mshahara unaokwenda nacho.

Sisi tunaohudumu Masasi na kule juu Newala, ambako hata maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, tumeuona ugomvi huu kwa miaka mingi. Wanaume nao wanao, tabibu kwa tabibu. Lakini wauguzi wengi ni wanawake, na kwa mwanamke daraja lililochelewa huingia mpaka jikoni.

Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukubwa una utaratibu wake wa zamani. Aliyetangulia kuingia unyago au jando ni mkubwa wa aliyefuata. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona mila hizo zina mizizi mirefu mno, akalipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Basi binti aliyekulia hapa huingia kazini akiamini kwamba aliyemtangulia ni dada yake, na aliyemfuata ni mdogo wake.

Serikali huhesabu kwa namna nyingine. Sera ya Menejimenti na Ajira ya 1999, na baadaye Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, ziliweka sifa na utendaji mbele ya miaka. Mwaka 2004 zikaja fomu za MWAMTUKA, ambazo wengi waliziita OPRAS, na tangu 2023 kazi hiyo imehamia katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Miaka haikutupwa. Iko orodha iitwayo tange, inayoonyesha nani amemtangulia nani. Ila tange hutazama tarehe uliyopata cheo ulicho nacho sasa, na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa kuwa tunaangalia tarehe ya kuingia kazini.

Mwalimu chini ya mwanafunzi wake

Tuchukue mfano wa mama mmoja, ambaye habari zake ni za akina mama wengi. Aliajiriwa 2006 akiwa na cheti cha uuguzi, akapelekwa zahanati ya mbali, akazalisha kwa mwanga wa taa ya chemli. Mwaka 2010 alimpokea binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, akamwonyesha namna ya kupima mlango wa kizazi na namna ya kumtuliza mama anayepiga kelele. Mwaka 2012 alimwacha mtoto wake kwa bibi, akaenda kusoma diploma. Akarudi 2014.

Hapo angebadilishiwa muundo, kutoka Muuguzi hadi Afisa Muuguzi Msaidizi, yaani kutoka ngazi ya mshahara ya TGHS A kwenda B. Lakini cheti cha chuo peke yake hakimhamishi mtu. Lazima nafasi iwepo katika ikama na fedha ziwepo katika bajeti ya halmashauri. Mwaka wa kwanza jina lake halikuwemo. Halafu Juni 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya, upandishaji wa vyeo na mabadiliko ya muundo ili kuwasaka watumishi hewa. Ukafuata uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hatuwezi kusema uhakiki ule haukuhitajika. Nani angependa kudungwa sindano na mwenye cheti cha kuazima? Hata hivyo wenye vyeti halali nao walikaa foleni, na wengine waliokwisha kushika barua za kupanda waliambiwa zimesitishwa.

Milango ilifunguka kidogo kidogo. Mama wetu alipata muundo mpya 2021, mwaka ambao Rais Samia Suluhu Hassan, katika sherehe za Mei Mosi mjini Mwanza, aliahidi kupandisha watumishi wengi. Akaanza cheo cha chini cha kada mpya, Daraja la II, baada ya miaka 15 ya kazi. Yule binti, aliyeajiriwa moja kwa moja na diploma mwaka 2011, alikuwa Daraja la I tangu 2015. Mwaka uliofuata binti akateuliwa muuguzi mfawidhi wa kituo.

Kwa karatasi, hakuna aliyekosea. Kwa mama yule, ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni.

Tuongeze jambo ambalo vijana hawalifikirii. Pensheni ya mtumishi wa umma hukokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka yake mitatu iliyo bora. Kwa hiyo daraja lililokwama leo litamfuata mama huyo mpaka uzeeni. Kwa waliopitwa na wenzao, Serikali ilileta baadaye utaratibu ulioitwa mserereko, wa kupanda bila kusubiri tena miaka kamili. Umesaidia wengi, ingawa si kila aliyepitwa amefikiwa.

Usiku ule

Ubaya ni kwamba uchungu wa ofisini humwagika kitandani kwa mgonjwa. Katika kituo kile, ambacho hatutakitaja, mama mzazi alianza kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mfawidhi alikuwa peke yake chumbani, akaita. Mkubwa kwa miaka alikuwa chumba cha pili akikunja vitambaa. Akajibu, “Mwiteni mwenye cheo.” Zilipita dakika chache tu. Lakini kila muuguzi anajua dakika hizo zina uzito gani damu inapotoka. Akainuka, akaingia, akakandamiza kizazi kwa mikono aliyoizoea kazi hiyo, na yule mdogo akatundika dripu. Mama alipona, Mungu ashukuriwe.

Jumamosi iliyofuata mfawidhi alikwenda nyumbani kwa mwenzake. Hakwenda na maonyo. Alisema, “Shikamoo mama. Naomba nione barua zako.” Wakazitandaza mkekani: ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya ruhusa ya masomo, ya muundo mpya. Ya kuthibitishwa ilikuwa nakala iliyoliwa na mchwa, na ya ruhusa haikuwa imewekwa kabisa katika jalada lake halmashauri.

Tumeona hali hiyo hasa kwa akina mama waliohama kuwafuata waume zao, jalada likabaki wilaya ya zamani, na kwa watumishi wa Serikali walioazimwa katika hospitali za Kanisa, ambao Afisa Utumishi huweza kuwasahau kwa kuwa hawaoni. Dada mpendwa, tunza nakala zako mahali pakavu. Omba kuiona tange, nayo si siri. Jaza tathmini yako kila mwaka hata ukiona ni bure, kwa sababu pengo hilo ndilo litakalotajwa kwanza. Ukiona umeonewa, andika kwa mwajiri kupitia mkuu wako wa kazi. Chama chako, TUGHE au TALGWU, kinaweza kukusaidia kuandika. Usiporidhika, iko Tume ya Utumishi wa Umma. Usikimbilie mahakamani kwanza, maana tangu marekebisho ya 2016 sheria inamtaka mtumishi wa umma amalize njia hizo kabla ya kutafuta nyingine.

Barua ya mama yule waliiandika wote wawili, mmoja akisema na mwingine akiandika. Ilipigwa mhuri masjala siku ya Jumatatu. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, nalo lilisema jina lake litapendekezwa katika ikama ya mwaka wa fedha unaofuata.