Je, Wajua? Tovuti ya Bei Chee

Je, wajua kwamba kivinjari cha kwanza kabisa duniani kilikuwa pia chombo cha kuandikia kurasa? Tim Berners-Lee alikiunda mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, akitaka msomaji wa ukurasa aweze kuandika wake papo hapo. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye vikabaki na kusoma tu. Leo kampuni za kujengea tovuti, Wix, Squarespace na wenzao, zinatuuzia kile kilichoachwa njiani.

Wajua kwamba teknolojia yenyewe ya wavuti haina mwenye kuidai ada? Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia nzima bure. Unapolipia tovuti, kimsingi unalipia vitu vitatu: jina, nafasi kwenye seva, na programu ya kujengea. Muuzaji akikutajia bei moja, muulize ndani yake mna vingapi kati ya hivyo.

Wajua kwamba hadi mwaka 1995 majina ya .com yalikuwa yakitolewa bila malipo? La kwanza, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Ada ilipoanza, ilikuwa dola 50 kwa mwaka.

Leo jina ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kwenye tovuti, na ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Mambo huwa hivi: mwenye duka anampa kijana wa IT pesa, kijana anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, tovuti inapanda, kila mtu anafurahi. Miaka miwili baadaye kijana amehamia mji mwingine, namba yake haipatikani, na taarifa za kukumbusha malipo zinaingia kwenye sanduku asilolifungua mtu. Mbele ya msajili, mmiliki ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama pesa ilitoka mfukoni mwako. Basi mlipe fundi kwa kazi yake, lakini jina lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako na nywila unayoijua wewe.

Jina la .com likiisha muda na msajili akalifuta, kuna siku 30 za kulikomboa, kwa faini inayoweza kuzidi bei ya jina lenyewe mara kadhaa. Zikipita hizo, siku chache baadaye yeyote anaweza kulichukua.

Wajua nani anasimamia majina ya nyumbani? Tanzania ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kenya ni KeNIC. Jina la .co.tz au .co.ke hununuliwa kwa wasajili walioidhinishwa, na wengi wao hupokea pesa za simu. Hilo si dogo kwa mtu asiye na kadi ya benki inayokubalika ng'ambo. Kampuni nyingi za kigeni hutoza kwa dola kupitia kadi, kwa hiyo shilingi ikiyumba, bili yako nayo inapanda ingawa bei yao haijaguswa. Wakenya walipata nafuu Juni 2022, Safaricom ilipoleta kadi ya Visa isiyoshikika mkononi inayotoa pesa moja kwa moja kwenye M-Pesa.

Wajua kwamba WordPress ni mbili? Watu wengi huingia moja wakidhani wameingia nyingine. Kuna programu huria ya kujengea tovuti iliyozinduliwa tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg, Mmarekani, na Mike Little, Mwingereza. Hiyo unaipakua bure, unaiweka kwenye hosti (mwenye seva) uliyemlipia, na ukichoka na hosti huyo unahama na kila kitu chako. Halafu kuna WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic aliyoianzisha Mullenweg, ambako kila kitu kimeshaandaliwa nawe unachagua kifurushi. Ya kwanza inakupa uhuru na kazi ya usafi: kusasisha, kuhifadhi nakala, kuangalia usalama. Ya pili inakupunguzia kazi na baadhi ya uhuru. Kwa anayeanza, sioni aibu yoyote kuanzia ya pili, maana maudhui yake yanaweza kuhamishiwa ya kwanza.

Zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani zinaendeshwa na WordPress. Faida yake kwa mgeni ni hii: karibu kila tatizo utakalolipata, mtu alishalipata na kulieleza mahali fulani. Hasara ni kwamba wadukuzi nao wanaijua vizuri. Mara nyingi wanapitia kwenye programu-jalizi zilizopitwa na wakati, si kwenye WordPress yenyewe. Ukiona fundi anakuwekea jalizi 30 kwa tovuti ya saluni, uliza moja moja ni ya nini.

Wajua kwamba tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuibeba kama ilivyo ukaipeleka kwa mwenye seva mwingine? Kampuni hiyo, iliyoanzishwa Israeli mwaka 2006, inalisema waziwazi kwenye maelekezo yake. Ni chumba cha kupanga: rangi unapaka unavyotaka, lakini ukiondoka, kuta zinabaki. Kwa kuburuta na kudondosha vitu ukurasani ni rahisi mno, na kinyozi au mpishi wa keki huenda asihitaji zaidi ya hapo maisha yake yote. Tatizo ni kwa anayepanga kukua. Katika kihariri chake cha kawaida hata kiolezo ukishakichagua hukibadilishi, labda uanze tovuti upya.

Kifurushi chao cha bure kinaweka tangazo lao juu ya ukurasa wako, na anwani yako inabeba jina lao. Kwa kujifunzia ni sawa kabisa. Kwa kumshawishi mteja akutumie malipo ya awali, hapana.

Wajua kwamba Google iliwahi kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure, kisha ikazizima zote Machi 2024? Zilikuwa zile zinazotengenezwa kutokana na wasifu wa biashara kwenye ramani. Kabla ya hapo kulikuwa na GeoCities, mtaa mkubwa wa kurasa za bure ulionunuliwa na Yahoo mwaka 1999 kwa takriban dola bilioni 3.6 za hisa, na kufungwa Oktoba 2009 isipokuwa Japani. Ukubwa wa kampuni haukinusuru kitu cha bure. Anayetumia Google Sites leo, ambayo ni nyepesi, haina matangazo na inakubali jina lako mwenyewe, aweke nakala ya maandishi na picha zake pembeni.

Wajua kwamba Shopify, huduma ya kujengea duka la mtandaoni, ilitokana na duka la mbao za kutelezea kwenye theluji? Tobias Lütke, Mjerumani aliyehamia Kanada, hakupata programu ya duka iliyomridhisha, akaandika yake. Ni nzuri, ila ina ada ya kila mwezi hata mwezi usipouza kitu. Mwenye bidhaa 20 anaweza kuanza na katalogi ya WhatsApp Business, ambayo ni bure na hupokea hadi bidhaa 500.

Wajua kwamba kufuli la usalama kwenye anwani halihitaji kulipiwa? Tangu mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt hutoa vyeti bure. Hosti anayekutoza kwa cheti cha kawaida cha tovuti ndogo, mshukuru uondoke.

Wajua kwamba bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya mwezi, lakini unaipata ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo, tena kwa mwaka wa kwanza tu? Bei ya kuhuisha imeandikwa chini, kwa wino hafifu. Soma hiyo kwanza.

Squarespace haina kifurushi cha bure cha kudumu, bali majaribio ya siku 14. Siku hizo huanza kuhesabiwa unapofungua akaunti, kwa hiyo andika maelezo ya huduma zako, bei na saa za kazi, uzipunguze picha uzito, ndipo ubonyeze.