Kamera Dukani na Haki ya Mwenye Duka

Vijana wetu wa Kidato cha Tatu walipotaka kutengeneza filamu fupi juu ya maduka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, sisi walimu wao tuliopewa kazi ya kuwasimamia tulidhani shughuli kubwa itakuwa kuwafundisha kutumia kamera. Kumbe hilo walilijua kutushinda. Kilichochukua wiki sita ni adabu ya kuingia katika riziki ya mtu mwingine na chombo cha kunasa sura yake. Ndugu msomaji, kwa kuwa siku hizi takriban kila kijana ana chombo hicho mfukoni, tumeona si vibaya kuwasimulia wazazi yaliyotokea.

Tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, njia wapitazo watalii zimejaa maduka ya vinyago, picha za Tingatinga na viungo vilivyofungwa vizuri kwenye vikapu. Wanafunzi walivutiwa na rangi hizo. Tukawauliza: mama zenu hununua wapi sukari? Hapo orodha ikabadilika. Tukaanzia Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, kisha tukaingia vichochoroni kumtafuta muuza vyakula wa rejareja, fundi wa kanzu, muuza viungo wa kupima na fundi saa.

Siku za mwanzo kamera haikutoka mkobani. Mwenye duka akiiona ghafla hufanya moja kati ya mawili: ama hugeuza uso, ama huweka kofia yake sawa na kuanza kuzungumza kama mtangazaji wa redio, na maneno hayo hayana faida kwa mtu. Wanafunzi walikwenda kununua, wakakaa barazani, wakasikiliza. Mmoja wao, mwenye hoja kali, alitukumbusha kwamba Suratun-Nur inahimiza kubisha hodi majumbani, lakini aya yake ya 29 haioni ubaya kuingia bila ya idhini katika nyumba zisizokaliwa zenye manufaa kwetu, na wapo wafasiri waliotaja humo maduka. Ni kweli. Hata hivyo, idhini ya kuingia kununua mchele siyo idhini ya kuondoka na sura ya muuzaji, seuze ya mteja aliyejitokea zake na mtoto mgongoni. Wanafunzi wa kike ndio waliozungumza na akina mama, na wengi wao walikubali sauti na mikono tu ionekane. Picha hizo za mikono ikichagua dagaa na kuhesabu sarafu zimetoka nzuri mno.

Jambo lililotushughulisha zaidi lilitokea kwa muuza vyakula. Kijana alikuwa anapitisha kamera juu ya meza: mizani, pakacha la vitunguu, debe la mafuta, kisha daftari lililokuwa wazi. Mzee akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. “Mwanangu,” alisema, “mizani piga, duka piga, hata mimi nipige. Haya ya humu ni ya watu.”

Lilikuwa daftari la madeni. Humo mliandikwa nani kachukua nusu kilo ya unga, nani kaongeza sabuni, nani amelipa kidogo na nani bado anasubiri mshahara au mauzo ya samaki. Tuliporudi skuli pakawa na mjadala mrefu. Kijana alishikilia kwamba daftari ndilo moyo wa filamu, kwani ndilo linaloonyesha tofauti baina ya duka la mtaa na duka kubwa la kulipa papo kwa papo. Katika hilo hakukosea. Familia nyingi huvuka siku za mwisho wa mwezi kwa kurasa kama zile. Ila tuliwarejesha kwenye aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, inayoamrisha deni liandikwe. Maandishi yale ni ulinzi wa mkopaji na mkopeshaji. Mtazamaji hana fungu humo. Na aya mbili kabla yake humtaka mwenye kudai ampe nafasi aliyebanwa. Nafasi gani atakuwa amepewa mtu ambaye dhiki yake imeoneshwa ukumbini mbele ya watoto wake?

Mwishowe kilichobaki katika filamu ni kile kiganja juu ya karatasi, na sauti ya mzee akieleza daftari ni nini. Kwa maoni yetu hakuna picha inayoishinda.

Mengine tutayataja kwa haraka. Vichochoro vina mwangwi, na pikipiki moja huharibu mazungumzo ya dakika kumi. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo kilisaidia kuliko kamera ya bei. Adhana ilipoanza, kazi ilisimama.

Kwenye uhariri ndiko kwenye hatari iliyofichika. Muuza viungo alilalamikia kodi ya pango kwa muda mrefu, kisha akamshukuru Mola kwa wateja wake wa miaka mingi. Ingetosha kukata nusu ya pili ili aonekane mtu wa manung’uniko tu. Suratul-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo, nasi tuliwaambia wanafunzi kwamba mkasi wa mhariri nao ni mizani. Kwa sababu hiyo kila mwenye duka alioneshwa sehemu yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Watatu waliridhia. Fundi saa, ambaye duka lake lilikuwa limetoka vizuri kuliko yote, aliangalia hadi mwisho, akasifu kazi, akaomba aondolewe. Hakutoa sababu na hatukumuuliza. Wanafunzi waliumia, kwani sehemu ile ilikuwa dakika mbili kamili na ndiyo waliyotaka kuanzia. Ilifutwa jioni ileile kwenye kompyuta, kisha tukakagua simu moja baada ya nyingine.