Mtu akichomoa suri, itakuwaje?

Wandugu, mimi nilisoma agronomia, lakini jambo hili linatugusa wote tunaotumia ordinateri. Ndani ya Linux, klavye na suri zinaongozwa na programu ndogo zinazokaa katika kiini chenyewe. Kosa moja pale linaweza kusimamisha mashini nzima. Njo maana anayeandika badiliko analituma kwa barua-pepe pamoja na jina lake, na wengine wanalisoma mustari kwa mustari. Kwa miaka mingi msimamizi wa sehemu hiyo ni Dmitry Torokhov.

Kusema "kwangu inatumika" haitoshi. Mkaguzi anauliza: mtu akichomoa suri ikiwa ingali inatuma ishara, itakuwaje? Kama programu inaachilia memwari mbele ya kuzima ishara, ishara ya mwisho itaandika mahali pasipo pake tena. Kwa hiyo kilichofunguliwa mwisho kinafungwa kwanza. Ni kama shambani: unafunga maji kwanza, kisha unaondoa bomba.

Sisi wenye lisansi tunapenda kuonyesha kazi ikifaulu tu. Mbele ya kuipeleka kwa wakulima, tumpe mwenzetu aulize itaharibikia wapi. Asikasirikiwe, juu anatuokoa.