Kuba Lililomaliziwa na Viwavi

Sanamu dhahania haifanani na mtu wala mnyama, ndiyo maana wengi wakisimama mbele yake hujiuliza: umbo hili limetoka wapi? Kwa Neri Oxman, mbunifu mzaliwa wa Haifa aliyeanza na masomo ya udaktari kabla ya kuhamia usanifu majengo, umbo hutoka kwenye tabia ya kitu kinachotumika kujengea.

Mwaka 2013, yeye na wenzake wa Media Lab katika chuo cha MIT, Marekani, walijenga kuba la hariri, Silk Pavilion. Mashine inayoongozwa na kompyuta ilitandika nyuzi za hariri kwenye vipande 26, mahali pengine zikisongamana, pengine zikiachana. Vipande vilipounganishwa, viwavi wa hariri 6,500 waliwekwa ukingoni chini, wakapanda na kuziba nafasi wenyewe.

Ujuzi wenyewe uko hapa. Kiwavi akipata kitu chenye kimo cha kutosha cha kushikilia, hujifungia ndani ya kifukofuko. Mweke mahali tambarare naye hana pa kujengea. Lakini hariri haizuiliki tumboni, basi huitandaza kama shuka. Watafiti walimbandika kiwavi kisumaku kichwani ili vihisio vifuatilie anavyokizungusha akitema uzi. Wakagundua pia kuwa viwavi huvutwa na giza na penye nyuzi nyingi. Kwa hiyo walichora njia ya jua, wakapanga matundu ya kuba kwa kuifuata.

Wengi wetu tukisikia ubunifu wa kidijitali tunafikiria mchoro kwenye skrini, kisha printa ya 3D inautoa kama ulivyo. Kazi hiyo ni halali, ila kila kitu kimeshaamuliwa kabla mashine haijawashwa. Programu ya Oxman ilipanga masharti tu. Kila uzi ungelala wapi, haikujua. Kwangu mimi huo ni ujasiri, maana mbunifu hufundishwa kushika hatamu hadi mwisho.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Viwandani, vifukofuko hutiwa kwenye maji ya moto kabla nondo hajatoka, kwani akitoboa, uzi hukatika. Viwavi wa kuba hili hawakujifungia, hivyo hapakuwa na cha kuchemsha. Walipomaliza hariri yao waliondolewa wakiwa hai, wakageuka nondo, wakataga mayai.