Mtani Ndani ya Kaburi

Kila baada ya miezi kadhaa huzuka video ya aina moja kwenye simu za Watanzania. Jeneza limeshafika makaburini, watu wamesimama kimya, na ndani ya shimo lililochimbwa asubuhi amelala mtu mzima aliyevaa koti la marehemu. Anakoroma. Wazikaji wanambembeleza atoke, hataki. Anadai elfu ishirini, anashuka hadi kumi, mwisho anasema atatoka kwa soda moja baridi na samahani ya ukoo mzima. Kando yake watoto wa marehemu wanacheka huku machozi yakiwatiririka.

Chini ya video hiyo hufuata maoni, na mengi ni ya hasira: mlevi huyo, utu umekwisha, mbona hawamtoi kwa fimbo. Wanaoandika hivyo si wageni. Ni vijana wa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, wajukuu wa watu ambao wasingekubali kuzikwa bila mtani kuwasumbua kwanza.

Zamani walioshangaa walikuwa watafiti kutoka nje. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya utani katika jamii mbalimbali na kuyaona kama dharau yenye kibali. Hapa Tanganyika, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alijikuta akikusanya habari za makabila yanayotaniana na kuzichapisha miaka ya 1940. Mwaka 1963 Christensen akaandika juu ya Waluguru. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akasimamia mkusanyo mkubwa kuhusu utani wa jamii mbalimbali za Tanzania. Kazi hizo zina thamani, na bila hizo mengi yangekwisha kusahaulika. Lakini msomaji anayezipitia anaweza kutoka na picha kwamba utani ni matusi kwanza na wajibu baadaye. Msibani mambo huenda kinyume. Mtani ana kazi, na mzaha wake ni sehemu ya kazi hiyo.

Kazi yenyewe huanza mapema. Katika jamii nyingi za Pwani, Morogoro, Ruvuma na Mtwara, mtani alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupelekewa habari za kifo, na asipopelekewa, jambo hilo hugeuka kuwa kesi. Hapigi hodi. Anaingia uani, anafunua masufuria, anauliza kwa sauti kuu kama watu wa nyumba hii wameanza kula bila yeye. Anamkamata kuku wa kwanza anayepita. Anashika jembe, maana kuchimba kaburi ni haki yake na ni mzigo wake. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kulalamika kwamba marehemu alinenepa kwa chakula cha kuomba, ndiyo maana shimo linachukua muda. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wakikasirika wanatozwa faini, na faini hiyo inanywewa uji au pombe, kutegemea ni nyumba ya nani.

Halafu huja maigizo. Mtani anaingia chumbani kwa marehemu, anatoka amevaa kofia yake, ameshika bakora yake, anakohoa kikohozi chake. Kama mzee alikuwa na mazoea ya kudai chai kabla ya kusalimiwa, mtani anadai chai. Kama alikuwa na mguu mbovu, mtani anachechemea kuvuka ua, anamfokea mjukuu kwa jina, anamkumbusha jirani deni la mfuko wa saruji. Kwa dakika chache marehemu yumo tena uani. Yumo pamoja na ubahili wake, wivu wake na tabia yake ya kujifanya hasikii anapoitwa kwenda shamba.

Hapa ndipo penye akili ya desturi hii. Mfiwa hawezi kusema neno baya juu ya aliyekufa. Mila inamzuia, dini inamzuia, na moyo wake pia. Lakini kila mfiwa anajua kwamba aliyemo ndani ya sanda hakuwa malaika. Alimkosea. Pengine hawakuwa wakisemezana kwa mwaka mzima. Asipopatikana wa kuyasema hayo, mtoto anabaki nayo kifuani na kumlilia baba ambaye hakuwahi kuwapo. Mtani anayasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya juu, na kwa kuwa yeye ni mtani hayawi shutuma. Mwana anacheka, kisha analia kilio chenye mtu halisi ndani yake.

Ukitaka kuona kilichopotea, sikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa siku hizi kwenye kipaza sauti. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akapanda cheo, akaanza kusumbuliwa na presha na sukari, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Ni barua ya maombi ya kazi iliyopelekwa makaburini. Hakuna hata mmoja kati ya waliokaa chini ya turubai anayemtambua mtu huyo.

Wanawake nao wana watani wao, na huko ndani, kwenye mkeka, kazi yao ni nzito zaidi. Mjane amekaa kaegemea ukuta, amejifunika kanga, hajala tangu jana. Mashangazi wamembembeleza wamechoka. Anaingia mtani, mwanamke wa makamo, anavua ndala, anajipenyeza katikati na kuanza kulia kwa sauti kubwa kuliko ya kila mtu: mume wangu, umeniacha na huyu mke mwenzangu mvivu! Anamgeukia mjane na kumtaka asogee, ampishe mke mkubwa. Anasema ndiye aliyekuwa akipewa mshahara, mwenzake alikuwa akipewa chenji. Kwa kawaida mjane humtazama tu. Yule haachi, anaeleza jinsi bwana alivyokuwa akija kwake kulalamikia wali uliojaa mawe. Ikifika hapo, wajane wengi hujibu. Neno la kwanza linalowatoka kinywani tangu msiba uanze huwa ni la kutetea mapishi yao. Mtani hapo hapo anamsogezea kikombe cha uji, na mjane anakunywa kwa hasira.

   

Lipo jambo moja, hata hivyo, linalochanganywa na utani kwa makusudi, nalo ni unyang'anyi. Shemeji anayekuja na gari kuchukua makochi, hati ya kiwanja na funguo za duka, kisha akasema ni mila, si mtani wa mtu yeyote. Mtani huchukua kuku, kofia, sahani ya pilau. Huchukua mbele ya watu, anapiga kelele akichukua, na zamu yake ya kufiwa ikifika naye huchukuliwa. Malipizo hayo ndiyo mpaka wenyewe. Shemeji yule hakuna siku atakayorudishiwa zamu.

Malipizo hayo yanatoka mbali, na asili yake si mzaha hata kidogo. Chukua Wanyamwezi na Wazaramo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo na meno ya ndovu mabegani, safari ya miezi kadhaa, na wengi waliugua au kufa kabla ya kuona nyumbani tena. Mtu aliyefia nchi ya watu alihitaji wa kumchimbia, wa kumfunika na wa kumsindikiza. Wazaramo, wenye nchi iliyo nyuma ya bandari, walikuwa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo. Ugeni ukazaa haki: Mnyamwezi akiwa Uzaramo aingie shambani ale muhogo bila kuitwa mwizi, na Mzaramo akienda bara afanyiwe hivyo hivyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika kwa kirefu namna watu wa mwambao wanavyozaliwa, wanavyooana na wanavyozikana katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka 1903. Anayekisoma anaona jinsi msiba wa mji ule ulivyokuwa kazi ya watu wengi, kila mmoja na sehemu yake.

Jozi nyingine zilitokana na damu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya miongo michache walikuwa wamejikita Songea. Kaskazini yao walikuwapo Wahehe, dola iliyokuwa ikipanda chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa. Kati ya 1878 na 1882 wakapigana. Kila upande uliua na kuuawa, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo Mhehe na Mngoni ni watani, na mzaha wao mkubwa ni vita vile vile: nani alikimbia, nani alijificha porini, nani alimwachia mwenzake ng'ombe. Mhehe akifiwa, Mngoni ana haki ya kusimama mlangoni na kusema kwamba kazi ambayo babu yake hakuimaliza, Mungu ameimaliza.

Ni neno zito. Mgeni akilitamka, atapigwa. Lakini Mngoni huyo akishalitamka, anavua shati na kwenda kuchimba. Watu waliowahi kuzikana kwa mikuki walijifunga kuzikana kwa majembe, kizazi baada ya kizazi, na wakaamua kwamba historia isifichwe bali itolewe uani kila panapotokea msiba, ichekwe. Mikataba ya amani inayosainiwa hotelini kwenye meza zenye maua haijawahi kudumu hivyo.

Wapo viongozi wa dini wasiopenda mambo haya, na hoja yao isipuuzwe. Wanasema kaburi ni mahali pa mawaidha, na kwamba kuna watani wanaovuka mipaka: wanaochelewesha maziko hadi jua linazama, wanaowatukana watu wasio watani zao, wanaokuja wamelewa na kudai pesa kweli kweli. Ni kweli. Mtu yeyote mwenye kiu anaweza kujitangaza mtani siku hizi, kwa sababu waliobaki kumhakiki ni wachache. Hapo zamani bibi mmoja angemuuliza ni wa ukoo gani na angemfukuza kabla hajagusa sufuria.

Ndiyo hali ya mijini. Vijana wengi wakisikia watani wa jadi wanafikiria timu za mpira za Simba na Yanga tu. Mzazi mmoja Mpare, mwingine Msukuma, nyumba iko Kimara, majirani wametoka mikoa kumi tofauti. Nani amtanie nani? Nafasi iliyoachwa wazi imejazwa na kamati. Kuna kundi la WhatsApp, bajeti, mweka hazina, sare zenye picha ya marehemu, mpiga video, mpishi wa kukodi na mshereheshaji ambaye wiki iliyopita alikuwa kwenye harusi. Rambirambi zinatumwa kwa simu na orodha ya waliochanga inabandikwa kila jioni, mwenye elfu tano akionekana kwa kila mtu. Kamati inazika vizuri. Turubai halivuji, chakula kinatosha, magari yanaondoka kwa wakati. Jioni ya tatu viti vya plastiki vinapakiwa, wafiwa wanabaki wenyewe sebuleni, na hapo ndipo inapogundulika kwamba katika siku zote tatu hakuna aliyemtaja marehemu kama mtu waliyemjua.

Tukirudi kwa Wahehe na Wangoni, wana jambo jingine linalowaunganisha ambalo haliingii kwenye mizaha. Mkwawa alipokufa mwaka 1898, Wajerumani walimkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini hakikurudi hadi mwaka 1954, na sasa fuvu hilo limehifadhiwa Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Upande wa Wangoni, jemadari wao, Nduna Songea Mbano, alinyongwa mwaka 1906 kwa kupigana vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na kichwa chake pia inaaminika kilichukuliwa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Hadi siku hiyo kilikuwa hakijapatikana. Kaburi lipo, mazishi hayajaisha.

Likipatikana fuvu la Nduna Songea, itifaki itakuwa ndefu: wizara, ubalozi, makumbusho, bendera mbili, hotuba za lugha mbili. Viti vya mbele vitaandikwa majina ya wakubwa. Kwa haki ya utani, wa kupelekewa habari mapema ni Wahehe wa Iringa. Waje wauzuie msafara barabarani kabla haujaingia mjini, wamwulize Nduna alikuwa wapi muda wote huo na kwa nini hakuaga, wakumbushe nani alikimbia mwaka 1882, na wasiupishe mpaka Wangoni watoe kitu cha maana. Mabalozi watasubiri ndani ya magari yao.