Daftari la Mafuta la Njia ya Mbeya

Katika kituo kimoja cha mafuta mjini Morogoro nilimwona mzee mmoja, dereva wa Noah ya kukodiwa, akimzuia kwa adabu kijana wa pampu asiongeze hata tone baada ya pampu kukata yenyewe, ingawa kijana, kama ilivyo ada, alitaka kuifikisha hesabu elfu kamili. Kisha mzee akatoa daftari lililojalidiwa kwa gazeti, akaandika kilomita, lita, bei na jina la mji, ndipo akalipa. Jambo hilo lilinikaa moyoni, nikamwomba anifunulie daftari lake.

Kila ukurasa una safu tano zilizopigwa kwa rula, na ya tano haina tarakimu ila maneno machache: “mvua”, “abiria saba na magunia”, “foleni Kibaha”, “upepo Makambako”.

“Hii ndiyo yenye mali, mwanangu,” akasema. “Ukijaza mpaka pampu ikate, na mara ya pili ukajaza vivyo hivyo, lita zilizoingia ndizo ulizotumia, gawa kilomita kwa lita hizo, umeijua gari yako. Ukiongeza kwa kukwepa chenji, umeiharibu hesabu. Lakini safu ya tano ndiyo inayokwambia kwa nini leo imekula kuliko jana.”

Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 830, na aghalabu msafiri huzigawa kwa kumi, akatia mfukoni fedha ya lita 83, akaondoka kwa amani. Mzee huikata njia vipande.

“Mlima wa Kitonga haugawanyiki kwa kumi. Ukipanda nyuma ya lori la kontena, gia ya kwanza na ya pili, mafuta yanakwenda, na mteremko wa kurudi haukurudishii yote.”

Fauka ya hayo, bei kikomo ya mamlaka ya udhibiti, EWURA, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, si moja kwa miji yote, kwa kuwa mafuta hulipiwa nauli kutoka bandarini. Basi yeye huondoka Dar tangi limejaa, hujaza tena Morogoro, na kwa kuwa tangi lake huchukua lita 60 hivi na zimesalia kilomita kama 640, hununua bara lita chache tu za kumfikisha. Juu ya makadirio yote huongeza sehemu moja ya kumi, na fedha hiyo hukaa mfuko wa peke yake, haramu kununulia hata soda.

Maarifa haya aliyapata katika malori ya Tunduma, ambako tajiri alimpimia lita zile zile masika na kiangazi. Zikipungua, zilikatwa katika mshahara wake.

“Na nilipozibakiza kwa uangalifu wangu, mwanangu, zilikuwa zangu au za tajiri? Nikiziuza, mimi mwizi?”

Sikuwa na jibu, wala sijalipata hata sasa.

Katika matajiri wote aliowatumikia, hakuna aliyewahi kuomba kulisoma daftari lile. Enyi wenye magari, kabla ya kumpimia dereva mafuta ya safari, muulizeni kwanza njia ilikuwaje.