Kweli au si kweli: majina 76 kwenye ukuta wa Abydos

Ukuta wenyewe uko Abydos, kusini mwa Misri, ndani ya hekalu la Farao Seti wa Kwanza, aliyetawala yapata mwaka 1290 hadi 1279 KK. Ni ukuta wa mawe ya chokaa kwenye ujia ndani ya hekalu, na wachongaji waliupanga katika safu tatu, kila safu ikiwa na majina 38. Kila jina limezungushiwa kitanzi cha kamba, alama ya kwamba mwenye jina ni mfalme. Picha zake huzunguka sana kwenye simu, na maelezo huzunguka nazo. Mengine ni ya kweli. Mengi hayana msingi, na kwa kuwa ukuta huu ni hazina kubwa ya Afrika, ni vyema tukaujua ulivyo.

Umeorodhesha mafarao wote wa Misri.

Si kweli. Safu mbili za juu zina majina 76, kuanzia Meni, ambaye Wamisri walimhesabu kuwa mfalme wao wa kwanza, hadi Seti mwenyewe. Safu ya tatu haiongezi mfalme yeyote. Inarudia majina mawili ya Seti, moja baada ya jingine, hadi mwisho.

Waliotawala baada ya Seti hawangeweza kuwemo, hilo halina mjadala. Ila hata kabla yake wapo walioachwa. Jina la 65 ni la Amenemhat wa Nne, na la 66 ni la Ahmose. Vitanzi hivyo viwili vimekaa bega kwa bega kana kwamba mmoja alimwachia mwenzake kiti, ilhali kati yao ilipita miaka zaidi ya 200. Katika miaka hiyo alitawala malkia Sobekneferu, wakafuata wafalme wengi wa Nasaba ya 13, kisha Wahyksos, wenye asili ya Asia, wakaishika Misri ya kaskazini. Ukuta umewapita wote.

Majina ya Hatshepsut na Akhenaten yalifutwa hapa.

Si kweli, na hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba kwingineko majina yao yalikwanguliwa kwa patasi, na majengo ya Akhenaten yakabomolewa hata mawe yake yakageuzwa kifusi cha kujazia minara ya Karnak. Lakini kwenye ukuta wa Abydos hakuna kovu. Majina yao hayakuchongwa tangu mwanzo.

Hatshepsut alishika ufalme kwa takriban miaka 20 na kujenga hekalu la Deir el-Bahri, ambalo hadi leo linasimama chini ya jabali. Orodha inatoka kwa Thutmose wa Pili na kwenda moja kwa moja kwa Thutmose wa Tatu. Akhenaten aliacha kumwabudu Amun, akamtukuza Aten peke yake na kuhamishia makao makuu Amarna. Kwa makuhani waliorudi madarakani huo ulikuwa uasi. Kuachwa kwake kunaeleweka. Kwangu mimi anayesikitisha zaidi ni Tutankhamun. Kijana huyo ndiye aliyeirudisha ibada ya miungu ya zamani, lakini alitoka katika nyumba ile ile, na hilo lilitosha kumtupa nje pamoja na Ay aliyemfuata.

Orodha hii iliandikwa iwe kitabu cha historia.

Si kweli, na ukilishika jambo hili mengine yote yanafunguka. Tazama upande ambako orodha inaanzia. Seti amesimama akiwa na chetezo, anawafukizia ubani wazee wake. Mbele yake yuko mwanawe, atakayekuja kuwa Ramesses wa Pili, bado mtoto mwenye msuko wa nywele upande mmoja wa kichwa. Mikononi ana hati ya mafunjo iliyokunjuliwa, naye anasoma.

Sasa soma ukuta kutoka juu kwenda chini. Kila mfalme ametanguliwa na neno la kumpelekea kitu: kwa mfalme fulani. Ukifika safu ya tatu unakuta mtoaji: ni zawadi ya Seti. Basi tunachokiona ni sadaka ya chakula na vinywaji, na majina ni ya wanaoalikwa kula. Aliyewahi kumwona mzee akimwaga pombe ya tambiko huku akiwaita wahenga mmoja mmoja ataelewa upesi. Katika tambiko humwiti uliyemkataa. Mwanahistoria angelazimika kumtaja Akhenaten, apende asipende; mwana anayewalisha wazee wake halazimiki. Ndiyo maana hakuna hata tarehe moja wala idadi ya miaka ya utawala. Anayetafuta miaka aende kwenye Jiwe la Palermo, ambalo linataja matukio ya kila mwaka na hata kimo cha mafuriko ya Mto Nile.

Wapo wafalme ambao bila ukuta huu wangetupotea.

Kweli kabisa. Baada ya wajenzi wa piramidi kubwa, Misri iliingia katika kipindi cha udhaifu, na majina ya 40 hadi 56 yanatoka huko. Orodha nyingine maarufu, ya Saqqara, inakiruka kipindi hicho. Ya Turin, iliyoandikwa kwenye mafunjo, imechanika vipande vipande. Baadhi ya wafalme hao hawakuacha kaburi linalojulikana wala sanamu. Walichobakiza ni kitanzi kimoja cha jina hapa Abydos.

Ukitafuta jina Thutmose utalipata.

Si kweli. Kila farao alikuwa na majina kadhaa, na kwa wafalme wa zama hizo wachongaji walitumia jina la kutawazwa. Thutmose wa Tatu ameandikwa Menkheperre. Seti mwenyewe ni Menmaatre.

Orodha ya asili ilichukuliwa, sasa iko London.

Si kweli. Iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza ni nyingine, ya hekalu la Ramesses wa Pili lililo jirani, nayo imevunjika. Ya Seti iko ukutani pake.

Hekalu hilo lina mchoro wa helikopta.

Si kweli. Picha hiyo si ya ukuta wa majina; ni ya boriti ya jiwe iliyo juu, katika ukumbi wa nguzo. Wachongaji wa Seti walichonga hapo sifa zake. Baadaye wa Ramesses wakaziba maandishi hayo kwa plasta na kuchonga sifa za Ramesses juu yake. Plasta ilipodondoka, alama za wafalme wawili zikaonekana kwa pamoja, na mchanganyiko wake ukafanana na chombo cha angani. Majina yaliyochongwa juu ya majina ni jambo la kawaida Misri, na inauma kuona kazi ya mafundi hao ikipewa viumbe wa sayari nyingine.

Ukipata picha nzuri ya ukuta wa majina, nenda mwisho wa safu ya pili uhesabu kurudi nyuma. Wa kwanza ni Seti, wa pili baba yake Ramesses wa Kwanza, wa tatu Horemheb, wa nne Amenhotep wa Tatu. Kati ya huyo wa tatu na wa nne ndipo alipostahili kukaa Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922 na leo ndiye farao anayejulikana kuliko wote 76.